Sumaku, Deheni na Meli za Kushonwa: Kinga ya Vyombo vya Oman

Katika viunga vya Muscat, mji mkuu wa Oman, si mbali na hoteli ya Al Bustan Palace, iko meli ya mbao iliyowekwa nchi kavu katikati ya mzunguko wa barabara. Meli hiyo inaitwa Sohar. Iling'oa nanga Muscat tarehe 23 Novemba 1980 na kuwasili Guangzhou, nchini China, mwezi Julai 1981. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama walivyoshona Waarabu, Waajemi, Wahindi na Waswahili kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Swali la kwa nini mabaharia wa Bahari ya Hindi walishona vyombo vyao ni la kale sana. Miongoni mwa watu walioishi mbali na bahari hiyo, jibu lililoenea lilikuwa moja: sumaku. Iliaminiwa kuwa baharini kuna miamba yenye nguvu ya kuvuta chuma, na kwamba chombo chenye misumari kingenaswa au kusambaratika kikiikaribia. Makala haya yanaeleza chimbuko la imani hiyo, na adui halisi ambaye mafundi wa Oman na wa pwani ya Afrika Mashariki walipambana naye. Yanaeleza pia jinsi hofu ya sumaku ilivyozuka upya katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, pale jeshi la Ujerumani lilipovipaka vifaru vyake tabaka maalumu la kujikinga na silaha ambayo maadui zake waliitumia kwa nadra sana.

Mlima wa sumaku

Ptolemy, mwanajiografia wa Alexandria aliyeishi katika karne ya 2 Miladia, aliandika habari za visiwa alivyoviita Maniolai, upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi. Alisimulia kuwa huko, kwa mujibu wa maneno ya watu, meli zenye misumari ya chuma hunaswa zisiweze kuendelea na safari, na kwamba kwa sababu hiyo wenyeji huunga vyombo vyao kwa vigingi vya mbao.

Simulizi hiyo haikufa. Iliingia hata katika visa vya Alfu Lela Ulela, ambamo mfalme Ajib bin Khasib anapotea baharini na merikebu yake inavutwa na mlima mweusi wa sumaku. Misumari yote inachomoka na kuurukia mlima, mbao zinaachana, na mabaharia wanazama.

Hata hivyo, wapo waliolitilia shaka jambo hilo mapema. Katika karne ya 6, Procopius, mwanahistoria wa dola ya Rumi ya Mashariki, aliandika kuwa meli za Bahari ya Hindi hufungwa kwa kamba na hazipigiliwi misumari, lakini akakanusha kuwa sababu ni miamba ya sumaku. Hoja yake ilikuwa nyepesi na yenye nguvu: meli za Warumi zilizosafiri katika Bahari ya Sham zilikuwa na chuma kingi, na hakuna hata moja iliyowahi kupatwa na msiba huo. Kwa maoni yake, watu wa bahari hiyo walishona kwa sababu hawakuwa na chuma, na sheria za Warumi zilikataza kuuziwa.

Lakini hoja hiyo ya pili nayo haikutosha. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliandika kuwa watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma kilikuwa miongoni mwa bidhaa zao kuu za biashara. Pwani iliyouza chuma ng'ambo iliendelea kushona vyombo vyake kwa kamba. Ilibidi sababu itafutwe mahali pengine.

Walioziona meli kwa macho yao

Ushahidi ulio bora zaidi umetoka kwa wasafiri waliopanda vyombo hivyo wenyewe. Al-Mas'udi, mwanahistoria kutoka Baghdad, alisafiri baina ya Oman na nchi ya Zanji zaidi ya mara moja. Safari yake ya mwisho ilikuwa mwaka 304 Hijria, yaani 916 au 917 Miladia, alipovuka kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman. Wanahistoria wengi wanaona kuwa Qanbalu ni Pemba ya leo. Katika kitabu chake kiitwacho Muruj al-Dhahab, al-Mas'udi anasema misumari ya chuma haidumu katika bahari hiyo, kwani maji yake hukila chuma hadi kikawa chembamba na dhaifu. Ndiyo maana, asema, watu wake walishona kwa nyuzi za nazi, kisha wakapaka vyombo vyao shahamu na chokaa.

Maelezo hayo hayana mlima wala muujiza. Yana kutu, kamba, mafuta na chokaa.

Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia, alifika bandari ya Aydhab katika pwani ya Bahari ya Sham mwaka 1183. Alieleza kuwa vyombo vya huko vilishonwa kwa kamba za nazi, kisha vikapakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na kwamba mafuta ya papa ndiyo yaliyokuwa bora kuliko yote. Sababu aliyoitaja ni kuzilainisha mbao, kwa kuwa njia za bahari hiyo zimejaa miamba ya matumbawe.

Karne moja na nusu baadaye, Ibn Battuta alisema jambo linalokaribiana na hilo. Msafiri huyo wa Morocco alizuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kisha akavuka hadi Dhofar, ambayo leo ni sehemu ya Oman. Aliandika kuwa chombo kilichopigiliwa misumari huvunjika kikigonga mwamba, bali kilichoshonwa hunepa na kusalimika.

Si kila mgeni aliyevisifu vyombo hivyo. Marco Polo, aliyepita Hormuz katika miaka ya 1270, alizilaumu meli alizozikuta, akasema hazina misumari wala lami, hupakwa mafuta ya samaki tu, na nyingi hupotea baharini. Lakini hata katika lawama zake, Marco Polo alithibitisha yale waliyoyasema wenzake: kamba na mafuta vilikwenda pamoja. Chombo cha kushonwa bila ya kupakwa hakikuwa chombo kamili.

Adui asiyeonekana

Pamoja na kutu na miamba, mafundi walikuwa na adui wa tatu, na huyu ndiye aliyekuwa hatari kuliko wote. Ni mdudu mwenye umbo la mnyoo anayetoboa mbao zilizomo majini. Wataalamu wa viumbe wanaeleza kuwa si mnyoo hasa, bali ni jamaa ya chaza. Huingia katika ubao angali mdogo mno, kupitia tundu lisiloonekana kwa urahisi, kisha hukua humo humo huku akila mbao na kuchimba mashimo. Kwa nje ubao huonekana mzima, kumbe ndani umekwisha. Katika maji ya joto kama ya Muscat, Mombasa au Zanzibar, chombo kisichokingwa huweza kuharibika katika muda mfupi.

Dawa ya adui huyo ilikuwa ni kumzuia asiugusie ubao. Hapo ndipo inapoingia deheni, neno ambalo mabaharia wa Kiswahili walilipokea kutoka Kiarabu. Deheni ni mchanganyiko wa chokaa na shahamu au mafuta mengine, unaopondwa na kukandwa mpaka ukawa ugo mzito mweupe, kisha hupakwa sehemu ya chini ya chombo, ile inayokaa majini. Sehemu ya juu na ya ndani ilipakwa sifa, yaani mafuta yanayotokana na maini ya papa, ambayo harufu yake kali inajulikana na kila aliyewahi kusafiri kwa jahazi.

Kazi yenyewe ilifuata maji ya bahari. Chombo kililetwa ufukweni wakati wa maji makuu ya bamvua, na maji yalipotoka kikabaki mchangani. Makome yaliyoganda yalikwanguliwa. Katika bandari nyingi moto wa makuti au majani makavu uliwashwa chini ya chombo ili kuua wadudu na kukausha mbao. Kisha nyuzi za pamba zilizotiwa mafuta zilishindiliwa katika maungio, kazi iitwayo kalafati, na mwishowe deheni ikapakwa kwa mikono. Kazi hiyo ilirudiwa kila baada ya miezi michache, mara nyingi kabla ya kuanza msimu wa kusi au wa kaskazi.

Elimu ya kemia inaeleza kwa nini deheni ilifaa. Chokaa ikichanganyika na mafuta hugeuka kuwa namna ya sabuni ngumu isiyoyeyuka katika maji. Tabaka hilo hushika mbao, huzuia maji kupenya, na kumnyima mdudu mchanga mahali pa kuanzia. Udhaifu wake ni kuwa huchubuka. Mkwaruzo mmoja wa mwamba ulitosha kufungua mlango, na ndiyo sababu nahodha mwangalifu hakuahirisha siku ya kupaka.

Kupaka vyombo nchini Oman ni kwa kale zaidi hata kuliko kushona meli zilizoelezwa na al-Mas'udi. Huko Ras al-Jinz, kwenye ncha ya mashariki ya nchi hiyo, wanaakiolojia walifukua mamia ya vipande vya lami vya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Upande mmoja wa vipande hivyo una alama za matete na kamba, na upande wa pili baadhi yake vina makome ya baharini yaliyoganda. Ni mabaki ya tabaka la nje la vyombo vya Magan, jina ambalo watu wa Mesopotamia waliipa nchi ya Oman. Matete na kamba vimeoza, lakini mpako uliovikinga umebaki.

Sumaku inapogeuka silaha

Msikilizaji, ilipofika karne ya 20, meli nyingi kubwa za dunia zilikuwa za chuma, na kile kilichokuwa ngano kikaanza kufanana na ukweli. Mwishoni mwa mwaka 1939, Ujerumani ilitega katika pwani za Uingereza mabomu yaliyolipuka bila kuguswa. Bomu lilikaa chini ya bahari, likahisi sumaku ya chuma cha meli iliyopita juu yake, kisha likalipuka. Tarehe 21 Novemba 1939, manowari ya Uingereza HMS Belfast iliharibiwa vibaya na bomu la aina hiyo. Siku 2 baadaye, Waingereza walifanikiwa kulifungua bomu moja lililodondokea kwenye matope huko Shoeburyness, wakagundua siri yake. Kinga waliyoitumia ilikuwa kuzungushia meli nyaya za umeme ili kuifuta sumaku yake. Na kwa kazi ya kusafisha mabomu hayo, majeshi ya majini yalirudi kutumia vyombo vya mbao.

Nchi kavu, hofu ya sumaku ilichukua sura nyingine. Askari wa Kijerumani walikuwa na bomu dogo la mkono, lenye sumaku 3, ambalo mtu aliweza kulibandika kwenye kifaru cha adui na kukitoboa. Makamanda wao walihofu kuwa adui angeiga silaha hiyo. Kwa hiyo, tangu mwaka 1943, vifaru vilivyotoka viwandani vilianza kupakwa ugo uitwao Zimmerit, uliotengenezwa na kampuni ya Chemische Werke Zimmer ya mjini Berlin.

Wengi hudhani kuwa Zimmerit ilikuwa na uwezo wa kuiua nguvu ya sumaku. Sivyo. Mchanganyiko wake ulikuwa barium salfeti kiasi cha asilimia 40, gundi asilimia 25, udongo wa rangi ya manjano asilimia 15, zinki salfaidi asilimia 10 na unga wa mbao asilimia 10. Ulipakwa na kuchorwa matuta matuta, kisha ukakaushwa kwa moto. Kazi yake ilikuwa kuweka nafasi baina ya chuma na sumaku, kwa kuwa nguvu ya sumaku hupungua haraka kadiri inavyotenganishwa na chuma, na yale matuta yaliipunguzia sumaku mahali pa kugusa. Kwa msingi huo, Zimmerit na deheni zilifanya kazi moja: kumzuia adui asiguse.

Tofauti ilikuwa kwa adui mwenyewe. Mdudu wa baharini alikuwapo kila siku. Mabomu ya sumaku yaliyohofiwa na Wajerumani hayakuja kwa wingi, kwani maadui zao walitegemea mizinga, mabomu ya kutegwa ardhini na silaha za kurusha kutoka mbali. Zimmerit ilichelewesha utengenezaji na kuongeza uzito. Kisha ikazuka habari kuwa huwaka moto kifaru kikipigwa kombora. Majaribio hayakuthibitisha habari hiyo, lakini Septemba 1944 ilitolewa amri ya kuacha kuipaka, na haikurejeshwa tena.

Mafundi wanatafutwa

Mwaka 1980, mwandishi na msafiri Tim Severin alipotaka kujenga Sohar katika mji wa Sur kwa ufadhili wa Sultan Qaboos bin Said, alikutana na tatizo ambalo halikuwapo zama za al-Mas'udi. Mafundi wa majahazi walikuwapo, lakini wengi walikuwa mafundi wa misumari. Baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi mwaka 1498, misumari ilienea pole pole, na meli kubwa za kushonwa zikatoweka. Huko Oman, vyombo vidogo vya kushonwa viliendelea kutumika Dhofar hadi karne ya 20. Kwa ajili ya Sohar, washonaji waliletwa kutoka visiwa vya Lakshadweep nchini India, na kamba zilizotumika zilifikia urefu wa maili 400 hivi, yaani zaidi ya kilomita 640.

Jaribio la kuihuisha teknolojia ya kale zaidi halikuwa na bahati kama hiyo. Septemba 2005, mashua ya matete iliyopakwa lami, iliyojengwa kwa kufuata ushahidi wa Ras al-Jinz, iliondoka Sur kuelekea India. Saa chache baadaye iliingia maji na kuzama. Mabaharia wake wote waliokolewa. Tukio hilo lilionyesha kuwa kuijua dawa si sawa na kujua kuipaka.

Mwaka 1998, mabaki ya meli ya karne ya 9 yaligunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, yakiwa na vyombo vya udongo vya China vipatavyo 60,000. Mbao zake zilishonwa. Kwa kuufuata mfano wake, Oman ilijenga meli ya Jewel of Muscat katika ufuko wa Qantab, nje kidogo ya Muscat, kati ya mwaka 2008 na 2009, chini ya uongozi wa mwanaakiolojia Tom Vosmer. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, na upande wa nje ukapakwa mafuta ya mbuzi yaliyochanganywa na chokaa, yaani deheni ile ile. Meli hiyo iliondoka Muscat tarehe 16 Februari 2010, ikapitia India, Sri Lanka na Malaysia, na kuwasili Singapore tarehe 3 Julai 2010, ambako ilitolewa kuwa zawadi.

Upande wa pili wa bahari

Kwa Waswahili, historia hii si ya ng'ambo. Mji wa kale wa Rhapta, unaotajwa katika kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi, ulipewa jina hilo kutokana na mashua zake za kushonwa. Wareno wa msafara wa Vasco da Gama waliziona meli zisizo na misumari huko Msumbiji mwaka 1498. Katika visiwa vya Lamu, mtepe uliendelea kubeba boriti na bidhaa nyingine hadi ulipotoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mapema katika miaka ya 2000, mtepe wa mfano ulijengwa na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib mjini Zanzibar. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba hilo iliporomoka.

Ngano ya mlima wa sumaku iliandikwa na wanazuoni na kuhifadhiwa vitabuni kwa karne nyingi. Vipimo vya Zimmerit, iliyotumika kwa takriban mwaka mmoja, vinajulikana hadi asilimia. Deheni iliyovusha vyombo kati ya Muscat na Pemba kwa zaidi ya miaka elfu moja ilikuwa na vipimo pia: chokaa kiasi gani, shahamu kiasi gani, ipondwe kwa muda gani, ipakwe kwa unene gani. Lakini vipimo hivyo vilikaa mikononi mwa mafundi, na fundi alimfundisha mwanawe ufukweni maji yalipotoka. Majahazi ya leo hupakwa rangi za viwandani na mengi huendeshwa kwa mashine. Wazee wanaokumbuka kukanda deheni, huko Sur, Lamu na Zanzibar, wanazidi kupungua, na yale wanayoyajua hayatapatikana kwa kusoma vitabu vya Ptolemy.